Mnada wa chai wa Mombasa ni nini?

Ukitaja mnada Mombasa, wengi hukumbuka dikoni, pale samaki wanaposhushwa: changu na tasi wamemwagwa chini, dalali anapaza sauti, mwenye bei kubwa anabeba fungu lake.

Kwenye mnada wa chai mzigo hauonekani. Chai iko ghalani, Shimanzi au Changamwe, na mnunuzi hununua kwa kuamini sampuli aliyokwisha kuonja. Kuonja huko ni kazi ya watu. Chai hutiwa maji ya moto, mwonjaji akavuta kijiko kimoja kwa mlio ambao mbele ya bibi ungekuletea kofi, akakizungusha kinywani, kisha akatema. Hanywi. Dalali naye huorodhesha mafungu kwenye katalogi: kiwanda, uzito, na daraja kama BP1, PF1 au D1. Siku ya mnada, wanunuzi hushindana kwa dola kwa kilo. Zamani ilikuwa sauti na nyundo. Siku hizi ni kompyuta.

Mombasa yenyewe haioti hata mche mmoja, joto hili haliruhusu. Chai ilipandwa Kenya kwa mara ya kwanza Limuru mwaka 1903, na miaka ya 1920 makampuni ya Kiingereza yakafungua mashamba makubwa Kericho. Mwafrika alikuwa mchumaji tu. Kulima yake mwenyewe hakuruhusiwa hadi miaka ya 1950. Mwaka 1964 ikaundwa KTDA, mamlaka ya wakulima wadogo, na hao ndio leo wanaotoa zaidi ya nusu ya chai ya nchi.

Mnada ulianzia Nairobi mwaka 1956, ukahamia Mombasa mwaka 1969. Wanunuzi wakubwa wako ng'ambo, Pakistan na Misri wakiwa mbele, na meli ziko bandari ya Kilindini, hapa Mombasa. Barabara zinazoleta chai ya Kenya kutoka bara huleta pia chai ya Uganda, Rwanda na Burundi, ndiyo maana kuuita mnada wa Kenya si sahihi sana.

Fungu lisilofikia bei ya mwenye mali huondolewa, likarudi katalogi ya baadaye, nalo ghala linadai kodi yake. Wakati huo mkulima wa Nyeri au Kisii anasubiri bonasi, yale malipo ya pili ya mwaka, ambayo hesabu yake hutegemea dola zilizotajwa hapa.