Jua kali haimaanishi ziwa lishapata joto
Watu wengi bado wanaamini eti jua likiwaka sana basi na maji ya ziwa yatakuwa ya uvuguvugu, sio kweli. Maji yanapata joto polepole kuliko hewa, kwa hiyo kwenye nchi za baridi mwanzoni mwa kiangazi hewa inaweza kufika nyuzi 28 huku maji yako 12 tu, na ziwa linakuja kufikia joto lake la juu wiki kadhaa baada ya jua kali kupita. Tena hilo joto ni la juujuu, ukizama mita chache unakutana na baridi nyingine kabisa.

Chini ya nyuzi 15 mwili unashtuka, unahema bila kutaka, hapo ndo hata waogeleaji wazuri wanakunywa maji kabla hawajachoka. Ingia taratibu, subiri pumzi itulie ndo uanze kuogelea.