Dawa ya Injekta Huingia Tangini Kabla ya Petroli

Wateja wengi hufika gerejini kwangu wakiwa na chupa ya dawa ya kusafisha injekta, yaani vifaa vinavyopuliza petroli kwenye injini, na swali moja: je, imiminwe kabla ya kujaza petroli au baada ya tangi kujaa? Kwa miaka yote niliyoshughulikia mifumo ya mafuta ya magari jijini Dar es Salaam, jibu langu halijabadilika. Dawa itangulie, petroli ifuate.

Sababu yake huonekana vizuri kwenye chupa ya kioo, nami huwaonyesha jambo hili mapema vijana wanaojifunza ufundi kwangu. Ukimimina dawa polepole juu ya petroli iliyotulia, utaiona ikishuka kama nyuzi za rangi ya asali, na huchukua muda kabla ya kuchanganyika. Ukianza na dawa kisha ukamwaga petroli juu yake kwa nguvu, rangi husambaa papo hapo, na kazi hiyohiyo ndiyo inayofanywa na pampu ya kituo cha mafuta ndani ya tangi lako. Zaidi ya hayo, tangi lililojaa hadi kwenye bomba la kujazia halina nafasi ya kupokea dawa, nayo hurudi mdomoni na kumwagikia bodi, ambako inaweza kuharibu rangi. Hata hivyo, aliyesahau akaimimina baadaye asihangaike, kwa kuwa mtikisiko wa barabarani utaichanganya.

Wakati mzuri ni pale mshale unapokaribia robo ya tangi. Sishauri kusubiri hadi tangi likauke, kwa sababu katika magari mengi ya sasa pampu ya mafuta imo ndani ya tangi na hupozwa na petroli yenyewe.

Kosa ninaloliona mara nyingi zaidi linahusu kipimo. Chupa nyingi huandikwa kiasi cha petroli kinachokusudiwa, tuseme lita 50, lakini wengi wetu hununua mafuta kidogo kidogo, tuseme lita kumi kwa siku. Mtu akimimina chupa nzima humo, dawa inakuwa kali mara kadhaa kuliko alivyokusudia mtengenezaji, na uchafu wa tangini unaweza kung'oka kwa wingi na kuziba chujio. Kama huwezi kujaza tangi, gawa dawa kwa uwiano wa lita unazonunua, au isubirishe hadi siku ya safari ndefu. Safari ya Dodoma, kilomita zipatazo 450 kutoka Dar es Salaam, inafaa sana, kwa kuwa injini hukimbia ikiwa na joto kamili na mchanganyiko hupita kwenye injekta kwa saa nyingi mfululizo, tofauti na foleni za mjini.

Naomba pia tusiipe dawa kazi isiyo yake. Katika injini za Toyota zenye mfumo wa D-4, kama 1AZ-FSE iliyomo katika baadhi ya RAV4 na Noah, petroli hupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, hivyo haigusi migongo ya valvu za kuingizia hewa, na masizi yaliyoganda huko hayatasafishwa na chochote kilichomiminwa tangini. Vivyo hivyo, petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa, uchakachuaji uliofanya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji nchini Tanzania, ianze kuweka vinasaba (alama za kemikali za kutambulisha mafuta halali) katika mafuta mwaka 2010, haiponywi kwa dawa. Inapaswa kutolewa yote tangini. Maji nayo ni mazito kuliko petroli, hutulia chini ya tangi, na yakiwa mengi dawa ya injekta haiyaondoi.

Jambo la mwisho ni kalenda ya sevisi, ambalo wauzaji wa dawa hulitaja mara chache. Sehemu ndogo ya dawa na masizi yaliyong'oka hupenya kando ya ringi za pistoni na kuishia kwenye oili. Kwa hiyo mimi huimimina katika tangi la mwisho kabla ya sevisi, ninalitumia hadi mshale ukaribie robo, kisha ninamwaga oili na kubadilisha chujio lake.