Pontiac GTO ya 2004: Gari la Australia, Jina la Marekani

Nimeulizwa mara nyingi kwa nini GTO ya 2004, gari la Pontiac, chapa ya General Motors ya Marekani, ilisuasua sokoni Marekani ilhali ilikuwa na mbio za kutosha. Jibu langu ni kwamba gari lilikuwa zima. Jina ndilo lililoliponza.

Chini ya nembo ile kulikuwa na Monaro ya Holden, kampuni ya General Motors huko Australia, iliyoundwa Elizabeth, Australia Kusini. Bob Lutz, mmoja wa wakuu wa General Motors, aliipenda, akapigania iletwe. Injini ilikuwa V8 ya lita 5.7, iitwayo LS1, ya ukoo wa Corvette, gari la michezo la Chevrolet, yenye nguvu ya farasi 350. Usukani wa kushoto nao haukuwa mtihani, maana Holden walishauza magari ya namna hiyo Mashariki ya Kati kwa jina la Chevrolet Lumina.

Kazi ilikuwa kwenye tangi la mafuta. Kanuni za Marekani kuhusu kugongwa kwa nyuma zililazimisha lihamishwe hadi ndani ya buti, likaegemea mgongo wa kiti cha nyuma. Fungua buti uone: nyuma ya zulia la kuficha kuna tangi, na sehemu kubwa ya nafasi imeliwa. Begi moja likiingia, la pili linatafuta pa kukaa.

Lakini mnunuzi hakukimbizwa na buti. Aliyesikia GTO alikumbuka mikoromo ya GTO za kwanza za miaka ya 1960, akataka gari la kutisha hata likiwa limeegeshwa. Alichopewa ni gari laini la milango miwili, lisilo hata na matundu ya hewa kwenye boneti. Mwaka 2005 matundu yakaongezwa, ekzosi zikagawanywa kushoto na kulia, injini ikawa ya lita 6.0 yenye farasi 400. Sura ikabaki ileile, na 2006 ukawa mwaka wa mwisho.

Dodge, chapa nyingine ya Marekani iliyotia jina lake kwenye gari la nje, waliumia kwingine. Stealth yao iliundwa Japani na Mitsubishi. Ilipopangwa kuongoza msafara wa mashindano ya magari ya Indianapolis 500 mwaka 1991, chama cha wafanyakazi wa viwanda vya magari vya Marekani kikaja juu kwa kuwa gari ni la nje, ikabidi iletwe Viper ya majaribio, gari la Dodge wenyewe. Hapo hata sura nzuri haikusaidia.

Kwangu mimi, Pontiac G8 ya 2008 ndiyo iliyotendewa haki. Ilikuwa Holden Commodore iliyopewa jina jipya, lisilodaiwa na kumbukumbu ya mtu yeyote. Kilichoikatisha ni General Motors kutangaza mwaka 2009 kwamba Pontiac yenyewe inafungwa.