Baridi haimkomazi kifaranga wa wiki mbili

Kila Juni inapokaribia, ujumbe uleule huzunguka kwenye magrupu ya wafugaji wa Arusha na Moshi: kifaranga akitimiza wiki mbili mtoe bruda (sehemu yenye joto ya kulelea vifaranga), mpeleke banda la nje, baridi itamkomaza. Si kweli.

Wiki ya kwanza kifaranga huhitaji nyuzi joto 32 hadi 35 za Selsiasi, kisha unapunguza kama 3 kila wiki. Kwa hiyo wa wiki mbili bado anataka karibu 29, na usiku wa Julai Arusha hushuka chini ya 15. Manyoya yake mengi bado ni malaika, yaani manyoya laini ya utotoni, hayazuii baridi. Wakipigwa baridi hulundikana kona moja, wa chini wanakosa hewa. Asubuhi unaokota mizoga na kusingizia kideri (ugonjwa wa kuku).

Mkanganyiko unatokana na kuku wa kienyeji, ambaye hutembea nje na vifaranga wa siku chache. Lakini wakizizima hurudi chini ya mbawa zake. Wa bruda hana pa kurudi.

Usihesabu siku tu. Kagua mgongo na kifua: manyoya kamili huja karibu wiki ya sita. Zima taa ya joto mchana kwanza, kisha usiku, ukichungulia saa nne usiku. Wakitawanyika wametulia, wako tayari. Wakibanana na kulia, washa. Banda liwe na maranda makavu, upepo uzibwe usawa wa vifaranga, juu paachwe wazi hewa ipite (jiko la mkaa ndani ya banda lililofungwa huua).

Ukiletewa ujumbe huo, usiusambaze.