Ramani ya enzi ya Tang: tazama mwaka kabla ya rangi

Ramani nyingi za dola ya Tang (618–907) hupakwa rangi moja kutoka Korea hadi karibu na Uajemi. Hakuna mwaka ambao China ilitawala eneo lote hilo kwa namna moja.

Mwaka 657 jeshi la Su Dingfang liliwashinda Waturuki wa Magharibi, na mwaka uliofuata makao ya Anxi, yaani makao ya utawala wa Tang wa magharibi, yakahamishiwa Kucha, mji wa Xinjiang ya leo. Mwaka 668 Goguryeo, ufalme wa kaskazini mwa Korea, ikaanguka, Pyongyang ikawekewa kikosi. Kilele ni hapo, nacho hakikudumu: mwaka 670 Watibeti waliiteka Kucha, kufikia 676 Silla, ufalme mwingine wa Korea, ilikuwa imeisukuma Tang nje ya sehemu kubwa ya rasi ya Korea, mwaka 682 Waturuki wa Mashariki wakasimamisha upya dola yao Mongolia. Kucha ilirudi mwaka 692, wakati huo Pyongyang na Mongolia zimeshatoka. Mchoraji anayezijumlisha zote anachora miaka 35 kana kwamba ni siku moja.

Rangi nayo huficha jambo. Mwaka 740 zilihesabiwa wilaya kuu 328 zilizokuwa na daftari la kaya, kodi ya nafaka na kitambaa, na maofisa waliotumwa kutoka mji mkuu. Nje yake kulikuwa na zile zilizoitwa jimi, neno linalotokana na hatamu ya farasi na kamba ya ng'ombe. Huko mtawala wa asili alipewa cheo na mhuri, akamrithisha mwanawe, na mara nyingi daftari lake halikufika hazina. Orodha ya Tang ina jimi 856, na ndizo zinazonenepesha ramani.

Uhusiano na falme za magharibi ulikuwa mwembamba zaidi. Kila moja ilipewa vitambulisho vya wajumbe: samaki 12 wa kike wa shaba wenye namba. Wenzao wa kiume walibaki ikulu. Mjumbe aliyefika mwezi wa tatu alileta samaki wa tatu, na kama hawakulingana, alitiliwa shaka.

Tang ilipoteza magharibi, na wengi huilaumu vita ya Talas (751), iliposhindwa na Waarabu. Kilichouvunja utawala wa magharibi hasa ni uasi wa jemadari An Lushan wa 755: majeshi yaliitwa kuokoa mji mkuu, Watibeti wakaingia kwenye njia ya Hexi, inayounganisha China na magharibi. Ramani ya 780 iionyeshe Kucha kama kisiwa. Wajumbe wake walifika ikulu mwaka 781, wakizunguka kupitia nchi ya Wauighur.