Tauni ya 1348: kwa nini Uingereza iliinuka na Misri ikazama

Ukitaja tauni kubwa ya karne ya 14, mazungumzo huanzia kwenye idadi ya maiti. Ulaya ilipoteza angalau theluthi ya watu wake, na wengi wetu tunaosoma kumbukumbu za wakati ule tunakaribia nusu. Swali linalonisumbua mimi ni la baada ya maziko. Uingereza na Misri zilipigwa na ugonjwa mmoja ndani ya miaka ileile, tena zote mbili vibaya. Mbona kibarua wa Uingereza akaja kupata nafuu, na mkulima wa Misri akazidi kudidimia?

Kwanza ugonjwa wenyewe. Bakteria wa tauni, Yersinia pestis, makao yake ni panya na jamaa zake. Kiroboto akinyonya damu ya panya mgonjwa, bakteria huzaana ndani yake na kutengeneza utando unaoziba koo, kabla ya tumbo. Damu haipiti tena. Kiroboto mwenye njaa huuma na kuuma, na kila akivuta, damu hugonga kizibo na kurudi kwenye kidonda ikiwa imebeba bakteria. Panya wakiisha kufa, huwahamia watu. Siku 1 hadi 7 baadaye homa hupanda ghafla, kisha hutokea mtoki: tezi za kinena, kwapa au shingo huvimba na kuuma hata kuguswa na nguo ni adhabu. Bila dawa, hufa watu 30 hadi 60 katika kila wagonjwa 100. Tauni ikiingia mapafuni huambukizwa kwa kikohozi, na asiyetibiwa mapema haponi. Watu wa Lushoto wanaijua: iliwaandama kuanzia 1980 hadi miaka ya 2000 mwanzoni.

Bakteria hao wamepatikana katika meno ya watu waliozikwa mwaka 1338 na 1339 karibu na ziwa Issyk-Kul, Kirgizia ya leo. Mwaka 1346 tauni ilikuwa Caffa, bandari ya Wagenoa katika Bahari Nyeusi. Kile kisa cha Wamongolia walioizingira Caffa kurusha maiti juu ya ukuta wa mji ili kuuambukiza kimeandikwa na mtu ambaye hakuwapo, nacho hakihitajiki: panya hawakuhitaji kurushwa, na meli zilikuwa zikiondoka. Mwaka 1347 ikafika Constantinople, na kabla mwaka haujaisha, Messina huko Sicily na Alexandria, bandari ya Misri. Januari 1348 ilikuwa Genoa na Venice, katikati ya mwaka ikateremka pwani ya kusini ya Uingereza, 1349 Bergen, Norway. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, yuleyule aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliikuta Damascus Julai 1348, ambako watu walifunga siku tatu kisha wakatoka kuomba, Waislamu na misahafu yao, Wayahudi na Taurati, Wakristo na Injili.

Sasa Misri. Kilimo chake hakikutegemea mvua hata kidogo. Nile ilifurika kila kiangazi, na maji yakaelekezwa kwenye majaruba makubwa yaliyozungushiwa kingo za udongo, yakatulia wiki kadhaa, kisha yakatolewa watu wapande ngano. Kazi hiyo ilitaka mikono kila mwaka, mto ukiwa chini: kuzoa tope kwenye mifereji na kujaza kingo zilizoliwa na maji. Kingo kubwa za sultani zilihudumia vijiji vingi, za kijiji zilikuwa juu ya wanakijiji wenyewe. Ubaya wake ni kwamba kazi hiyo haifanyiki nusunusu. Kijiji cha juu kikikosa watu wa kuziba ufa, cha chini hukosa maji au huzama, hata kama watu wake wote wako hai. Shamba la Uingereza lililokosa mkulima liligeuzwa malisho ya kondoo, mvua ikaendelea kunyesha.

Kisha kuna suala la mwenye ardhi. Emiri wa Kimamluki, yaani kamanda katika tabaka la askari lililotawala Misri, alikaa Cairo na kupewa mapato ya vijiji kwa muda wa utumishi wake tu, hakuwa na cha kumrithisha mwanawe. Tangu upimaji wa ardhi wa 1315, mafungu hayo yalitawanywa makusudi, kipande huku na kipande kule, ili asijijengee nguvu mahali pamoja. Mtu kama huyo atengeneze ukingo utakaomfaa emiri mwingine, kwa faida gani? Alikamua kodi ileile kutoka kwa watu wachache zaidi. Waliotoroka walisakwa na kurudishwa. Mishahara ya mafundi wa mjini ilipanda mwanzoni, lakini mashambani majaruba yaliachwa, na mahali pengine Mabedui wakaingia na mifugo.

Makabaila wa Uingereza hawakuwa na huruma zaidi. Amri ya 1349 na sheria ya 1351 zilirudisha ujira ulikokuwa kabla ya tauni: mkata majani ya malisho peni 5 kwa siku, mvunaji peni 2 wiki ya kwanza ya Agosti na 3 wiki ya pili. Waliozidisha walishtakiwa. Ila kabaila wa Kiingereza aliishi kwa shamba lake, na ngano iliyoiva haingoji mahakama. Akaongeza chakula, akaongeza nafaka, au akalipa kwa siri, na waliomchukulia vibarua ni makabaila wenzake walioitunga sheria. Tauni iliporudi 1361, 1369 na 1375, mikono ikapungua tena. Bungeni malalamiko juu ya ujira yakaendelea, na kwenye mashamba mengi wakulima waliokuwa wamefungwa kwenye ardhi ya bwana wakaanza kulipa kodi ya fedha, au wakahamia kijiji cha pili ambako hakuna aliyewauliza walikotoka.