Mafuta ya karafuu kwa mama kijacho: jua kwanza umenunua nini

Kina mama wajawazito huniuliza kila mara kama mafuta ya karafuu yanafaa kupakwa tumboni. Siwezi kujibu kabla sijajua kilichomo ndani ya chupa. Ukizunguka soko la Kilombero au Soko Kuu hapa Arusha, ama ukishuka Mbuyuni kule Moshi, jina hilo moja linaweza kuwa limebandikwa kwenye vitu viwili tofauti kabisa. Kuna karafuu zilizolowekwa kwenye mafuta ya nazi au alizeti, na kuna mafuta tete ya karafuu, yale makali yaliyotolewa kwa mvuke, ambayo sehemu kubwa ni yujenoli, kemikali ileile inayotia jino ganzi. Ya kwanza mtu hujipaka kiganja kizima asisikie kitu. Ya pili, tone moja likigusa ngozi bila kuchanganywa linaweza kuunguza.

Kuyatofautisha hakuhitaji maabara. Jaza maji kwenye glasi nyeupe, dondoshea tone moja. Mafuta tete ya karafuu ni mazito kuliko maji, kwa hiyo yatazama hadi chini. Ya kulowekwa yataelea, kwa sababu ni nazi au alizeti tu yenye harufu. Mafuta tete ya mdalasini nayo huzama. Lavenda, chungwa na mchaichai huelea hata yakiwa halisi, hivyo kwa hayo tumia karatasi nyeupe: weka tone, acha hadi kesho yake. Tete hupotea hewani. Ukikuta doa la grisi kama la kitumbua, mtu amechanganya na mafuta ya kupikia. Chungwa linaweza kuacha rangi ya njano kidogo, hiyo isikutie shaka.

Ukishajua una mafuta tete, fanya hesabu. Chembe zake ni ndogo na zinapenda mafuta, kwa hiyo sehemu yake hupenya ngozi na kuingia kwenye damu, na baadhi hufika hadi kwa mtoto. Ndiyo maana kwa mjamzito mimi huyachanganya asilimia 0.5 ndani ya mafuta ya kawaida kama ya nazi au alizeti, na sivuki asilimia 1 hata kwa mafuta mapole. Miezi mitatu ya kwanza ni bora kuyaacha kabisa. Kwanza harufu yenyewe wengi hawaitaki, inawatapisha.

Mililita 1 ni kama matone 20. Kwa hiyo asilimia 0.5 katika mililita 100 ni nusu mililita, yaani matone 10. Chupa ndogo ya mililita 30 inachukua matone 3 tu. Wanaokosea hapa wengi hutumia kijiko cha chai: kijiko kimoja ni mililita 5, na hapo umeshafika asilimia 5, mara kumi ya kinachotakiwa. Tone nalo lina matatizo yake, maana kizibo cha chupa hii kinatoa tone nono na cha ile kinatoa jembamba. Nenda duka la dawa ununue bomba la sindano la mililita 1, achana na sindano yenyewe, uvute hadi 0.5. Tumia ulitupe, mafuta tete huvimbisha mpira wa ndani.

Kuna mafuta ambayo hesabu yoyote haiyaokoi. Kafuri, seji (sage), hisopo (hyssop), pakanga na shamari usiyatumie mimba ikiwa ipo. Vilevile dawa za kuchua misuli zenye methili salisileti, kemikali ya jamii ya aspirini, ambazo wajawazito wengi hujipaka kiunoni mgongo ukiuma, kwa sababu salisileti hupita kwenye ngozi. Muulize mkunga kwanza. Mdalasini na karafuu tete mimi siyaweki kabisa kwenye kitu cha kukaa mwilini kutwa nzima, yanawasha ngozi ambayo tayari imevutika. Mwarobaini si mafuta tete, lakini majaribio kwa wanyama yameonyesha unaweza kuharibu mimba, kwa hiyo nao uache. Kinachobaki kinatosha: lavenda, chungwa tamu, ubani. Mlangilangi unanukia vizuri ila ukizidi unaleta kichwa kuuma. Tone moja au mawili ndani ya hayo 10.

Sasa siagi ya tumbo, gramu 100. Pima kwa mzani wa jikoni: siagi ya shea gramu 50, mafuta ya nazi 20, mafuta ya parachichi au alizeti 25, nta ya nyuki 5. Weka kwenye bakuli la kioo juu ya sufuria ya maji yanayochemka taratibu. Nta huyeyuka kwenye nyuzi kama 63, hivyo itakuwa ya mwisho. Usiipandishie moto kuiharakisha. Vikishakuwa kimiminika kimoja, epua, subiri hadi uweze kushika bakuli kwa mkono bila kulirusha, ndipo utie nusu mililita ya lavenda. Ukitia ikiwa inafuka mvuke, harufu yote unaivuta wewe na kopo halipati kitu. Mimina kwenye makopo makavu, uyaingize moja kwa moja kwenye friji au kwenye beseni la maji baridi. Shea ikipoa polepole hufanya punje kama sukari. Haijaharibika, lakini inakera; iyeyushe upya na uipoze haraka.

Hali ya hewa nayo inaamua. Mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi. Arusha mwezi wa saba, siagi yenye nta gramu 5 inakuwa ngumu kama sabuni ya kipande, kwa hiyo shusha nta hadi 2 na uongeze parachichi. Moshi mwezi wa pili ile ya Arusha itamwagika kwenye mkoba. Huko panda hadi 8, ukipunguza alizeti kwa kiasi hichohicho.

Usiongeze maji wala shubiri mbichi ya uani. Palipo na maji pana ukungu, na mafuta tete kwa kipimo hiki hayazuii chochote. Tena mafuta hayachanganyiki na maji, kwa hiyo kudondoshea lavenda kwenye beseni la kuogea hakufai: inaelea juu na kukugusa ikiwa kali vilevile.

Mafuta ya limau na ndimu yaliyokamuliwa kwenye maganda usipake uso au mikono kisha ukatoka juani. Ngozi hubabuka na kuacha weusi, na mjamzito tayari ana tabia ya kutoka madoa usoni. Kwa madoa hayo kofia na losheni ya kuzuia jua vinasaidia kuliko mchanganyiko wowote. Krimu za kuyachubua wala tusianze kuzijadili.

Kabla ya kujipaka tumbo zima, paka kidogo ndani ya kiwiko, acha saa 24. Lavenda au chungwa iliyokaa wazi dirishani hubadilika kwa hewa na mwanga na kuanza kuwasha hata aliyekuwa akiitumia bila shida. Chupa iwe ya rangi nyeusi au kahawia, imefungwa, kabatini; ya chungwa usiivushe mwaka baada ya kuifungua.

Siagi hii inalainisha na kutuliza muwasho wa kawaida. Michirizi haizuii; hakuna mafuta yaliyothibitishwa kuizuia, hata muuzaji aape. Muwasho wa viganja na nyayo bila vipele, unaozidi usiku katika miezi ya mwisho, usiupake kitu: nenda kliniki siku hiyohiyo upimwe ini, maana unaweza kuwa dalili ya nyongo kutotiririka vizuri, na hilo linamhatarisha mtoto.

Ukishajifungua, kifua kisipakwe mafuta tete, mtoto ananyonya hapo. Mkaratusi na mentoli visikaribie uso wa mtoto aliye chini ya miaka 2, vinaweza kumbana pumzi.